Fundi kompyuta wa Mwanga: onyo la uongo kanilipisha, la kweli kaniambia nilipuuze

Naandika nikiwa na hasira na sisubiri zipoe. Kama una kompyuta ya kazi hapa Kigoma na imeanza kukutolea maonyo ya virusi, soma kwanza kabla hujaipeleka Mwanga.

Nina steshenari Ujiji. Natoa kopi, naprinti, naskani, nawajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo, na wenye mizigo ya Kibirizi huja kuandikiwa barua. Kompyuta moja nimewaachia wateja waitumie wenyewe. Msimu wa mitihani wanafunzi waliishikilia wakitafuta mitihani ya miaka iliyopita, na baada ya hapo kona ya chini kulia vikaanza kuchomoza visanduku: kompyuta yako ina virusi 5, kadi yako ya benki iko hatarini, bonyeza hapa ununue kinga. Mteja yuko katikati ya kujaza tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe, kisanduku kinamzibia. Watu wakaanza kusita kuchomeka flashi zao kwangu, na steshenari isiyoaminika kwa flashi bora ifungwe.

Huyu fundi hakuwa mgeni kwangu, na hapa lazima nimtendee haki. Kuna kipindi umeme ulikuwa unakatikakatika, kompyuta hiyohiyo ikawa kila ikiwashwa tarehe yake inarudi miaka mingi nyuma, na kila tovuti ninayofungua inaniambia muunganisho si salama. Yeye alitazama saa pale pembeni, akafungua boksi, akabadilisha kile kibetri cha mviringo kinachotunza saa, CR2032, tatizo likaisha hapohapo. Akanieleza kwamba tovuti hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta iliyobaki mwaka wa zamani inaona vyeti vyote havijaanza kutumika. Nilimlipa hela ndogo sana. Kwa kazi ile ningempa nyota zote.

Safari hii hata hakukaa vizuri kwenye kiti. Kisanduku kilipochomoza tu akasema, "Mama, hii imeoza." Nikamwonyesha kwa kidole: chini ya yale maneno ya kutisha kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu, jina la Chrome na anwani ya tovuti ambayo sijawahi kuisikia. Nikamuuliza, mbona taarifa ya virusi inatoka kwenye tovuti na si kwenye kompyuta yenyewe? Akawageukia wenzake wa benchi, akacheka. "Mama, wewe kazi yako kutoa kopi. Haya mambo yana wenyewe."

Mbele ya watu. Kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Na swali langu lilikuwa sahihi!

Akaniwekea antivairasi aliyosema ni kamili, 35,000. Nimefika Ujiji, nimewasha, kisanduku kilekile. Nikampigia, akasema niipe muda inasafisha. Halafu likaja jambo jipya: ile ngao ya Windows kwenye mstari wa chini ikapata alama nyekundu, ikisema kinga ya virusi imezimwa. Nikapiga tena. "Hiyo ipuuze mama, Windows ina kelele. Ukiibonyeza utaharibu kazi yangu."

Siku chache baadaye akaja binti wa chuo kuprinti ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Akachomeka flashi, mafolda yote yakageuka njia za mkato, ukibonyeza hakuna kitu ndani. Yule binti alishika kichwa, machozi yanamtoka, foleni nzima inamtazama yeye kisha inanitazama mimi.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa TEHAMA aliyekuja kuprinti mitihani ya darasa lake. "Samahani mama, naomba nikae hapo." Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika attrib na herufi chache mbele yake, na mafolda yakarudi moja baada ya jingine. Kirusi kilikuwa kimeyaficha tu na kuweka njia za mkato mahali pake. Kisha akanionyesha uchafu wenyewe. Windows 10 na 11 zinakuja na kinga yake ya virusi, Defender, bure. Fundi wangu aliizima ili kuingiza antivairasi ya kuchakachua, na hiyo ya kuchakachua haikuwa inapokea masasisho. Kompyuta ilikaa bila kinga kabisa, na ngao nyekundu ndiyo iliyokuwa inasema ukweli siku zote hizo. Hata onyo la kwamba Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ambalo fundi huyo aliniambia niwe nalifunga tu, nalo ni la kweli.

Na vile visanduku? Nukta tatu za Chrome, mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Kulikuwa na orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa, zile zinazokwambia bonyeza kuruhusu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Akaziondoa. Kimya mpaka leo. Hakutaka hela, alikubali tu nimprintie mitihani yake bure.

Sasa wateja wangu nawaeleza hivi. Kisanduku chenye anwani ya tovuti chini yake, usikibonyeze, kaiondoe hiyo tovuti kwenye arifa. Skrini ikijaa onyo lenye namba ya simu ya kupiga, ni matapeli, kwa sababu maonyo halisi ya Microsoft hayawekwi namba ya simu. Funga kwa Alt na F4. Lakini ngao ya Windows ikiwa nyekundu, acha unachofanya, ifungue usome, hata fundi akisema nini.

Nilimfuata fundi nikitaka hela yangu. Akasema programu ikishawekwa hairudishwi. Hakuuliza hata habari za flashi ya yule binti.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kumpa nyota tatu kwa ajili ya kile kibetri. Nikashuka mbili: vifaa mpelekee, virusi usimpelekee. Ila kila nikikumbuka kile kicheko pale benchi, na kwamba jibu la tatizo lote lilikuwa kwenye yale maandishi madogo niliyomwonyesha kwa kidole akakataa kuyasoma, sioni sababu. Nyota moja. Printa yangu imeanza kula karatasi tangu wiki iliyopita, na nimeshampa fundi mwingine.