Rafu ya Vitabu kwa Nyumba ya Mombasa: Ipi Ununue, Ipi Uache

Kabla ya kuuliza bei ya rafu yoyote, uliza ubao wake una urefu gani kutoka nguzo hadi nguzo. Kipimo hicho kinakueleza maisha ya rafu kuliko rangi yake na kuliko jina la duka. Mita moja ya riwaya na vitabu vya kawaida huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30. Vitabu vya kiada na mafaili hupita hapo. Mzigo ukiwa umepangwa sawasawa, kupinda kwa ubao hukua kwa kipeo cha nne cha urefu: ubao wa sm 90 hupinda mara tano ya ubao uleule uliokatwa sm 60. Unene nao husaidia, ila haufuti kirahisi kosa la urefu. Basi sm 60 iwe ndiyo desturi, sm 75 kwa mbao ngumu ya inchi moja, na sm 90 waachie wanaopanga vikombe.

La pili ni hewa. Unyevu wa Mombasa hauishi mwaka mzima, na masika ya Aprili na Mei huja kuongeza. Karatasi hunywa unyevu huo, majalada hujikunja, na nyuma ya kabati lililobanwa ukutani ukungu hushika bila mtu kujua. Chumvi ya bahari inakula chuma. Mchwa nao wapo. Rafu inayofaa hapa ni ile inayopitisha hewa nyuma, iliyoinuliwa angalau sm 10 kutoka sakafuni, na ambayo maji ya kupigia deki hayaigusi.

Pima kwanza ulicho nacho. Panga vitabu vyote sakafuni migongo ikitazama juu, pima mstari kwa futi kamba, kisha ongeza theluthi moja kwa vitakavyokuja. Hizo ndizo mita unazonunua. Ukifika kwa muuzaji, gawanya bei kwa mita za ubao zilizomo. Tuseme rafu moja ni shilingi 9,000 na ina mita tatu: ni shilingi 3,000 kwa mita. Nyingine ni shilingi 14,000 lakini ina mita 5.6, yaani shilingi 2,500 kwa mita. Ya bei ya juu ndiyo rahisi. Watu wengi hulinganisha kwa upana wa rafu kwa macho, na hapo ndipo pesa hupotea.

Ya kwanza: mbao halisi, kwa kuagiza kwa fundi

Hii ndiyo tunayoiweka juu ya zote, na sababu kubwa ni kwamba unampa fundi vipimo vyako badala ya kupokea vya kiwanda. Usimwambie "nitengenezee rafu ya vitabu". Mwambie: vishubaka (sehemu kati ya nguzo na nguzo) vya upana wa sm 60, kina sm 24 kwa riwaya au sm 30 kwa vitabu vya shule, nafasi ya sm 24 kwenda juu kwa riwaya na sm 32 kwa vitabu vya A4, mguu wa sm 10. Kina cha sm 40 ambacho mafundi wengi wamekizoea kwa makabati ya nguo kinakulazimisha upange safu mbili. Safu ya nyuma haisomwi, haipati hewa, na ndiyo hushika ukungu wa kwanza.

Kuhusu mti wenyewe, saiprasi ndiyo inayopatikana kila mahali na kwa bei nafuu, ikiuzwa kwa futi. Ukinunua ya inchi moja, kumbuka ikipigwa randa inabaki karibu mm 20 hadi 22. Shida yake Mombasa ni kwamba mara nyingi hufika ikiwa bado mbichi. Ikipigiliwa hivyo, hukauka ikiwa ndani ya nyumba yako, viungo vinafunguka na ubao unajipinda kama parapanda. Inua vipande viwili vya kipimo kimoja na uchukue chepesi. Kiguse ncha iliyokatwa, kama ni baridi na ya unyevu, muache nayo. Bora zaidi, lipa mbao mapema na umwombe fundi azipange kivulini, vijiti katikati ya kila ubao, wiki kadhaa kabla ya kuzigusa.

Mwarobaini haupewi haki yake. Umejaa Pwani, mti wake ni mgumu, na wadudu hawaupendi. Kasoro yake ni kwamba mbao zake huja fupi na nyembamba, na hupasuka zikikaushwa kwa pupa juani. Kwa kitanda hiyo ni shida. Kwa kishubaka cha sm 60 si shida hata kidogo. Mvule na mbambakofi ni bora kuliko zote lakini bei yake ni ya milango. Ukiamua mvule, kagua upande wa pembeni: ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo haina kinga ya mchwa, na fundi akiichanganya na ile ya kahawia umelipia mvule ukapata nusu. Mwembe uukatae. Unapendeza ukiwa mpya, lakini vidudu vya kutoboa mbao huuwahi haraka, na unga mweupe chini ya rafu ndio taarifa yako ya kwanza.

Mambo matatu ya kumsisitizia fundi. Mosi, dawa ya mchwa ipakwe kabla ya vanishi, hasa kwenye ncha zilizokatwa na chini ya miguu, kisha iachwe ikauke hadi harufu iishe. Asikupakie oili chafu ya gari. Inapenya, haikauki, na itachora madoa kwenye kila jalada linaloigusa. Pili, vanishi ipakwe pande zote za ubao, na chini yake pia. Ubao uliopakwa juu tu hunywa unyevu upande mmoja, ukapinda. Tatu, nyuma isizibwe yote kwa hadibodi. Lakini rafu isiyo na mgongo huyumba, kwa hiyo aweke vipande viwili vya sm 10, kimoja juu na kimoja chini, vikifungwa kwa skrubu na gundi. Hapo hewa inapita na rafu inasimama wima.

Kabla ya kulipa salio, fanya jaribio papo hapo kwenye karakana. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20. Uweke katikati ya ubao, vuta uzi chini yake kutoka nguzo hadi nguzo, angalia ubao umeshuka kiasi gani. Ukishuka zaidi ya mm 3, mwambie aongeze kipande cha mbao cha kubeba ukingo wa mbele. Mbao huendelea kushuka polepole miezi ikipita, kwa hiyo kinachoonekana kidogo leo hakitabaki kidogo.

Ya pili: plaiwudi ya mm 18, shiti moja

Kwa nyumba ya kupanga na kwa mfuko wa kawaida, hii inakaribia sana ya kwanza. Shiti ni futi 8 kwa 4, yaani sm 244 kwa 122, na inagawanyika vizuri ajabu kwa vitabu. Kateni vipande vitano vya sm 24 kwa urefu wote. Msumeno unakula mm 3 hivi kila mkato na bado vinatosha. Vipande vitatu, toa kila kimoja nguzo ya sm 180 na ubao wa sm 60. Viwili vilivyobaki, toa kila kimoja mbao nne za sm 60. Unapata nguzo 3 na mbao 11: rafu ya vishubaka viwili, upana wa sm 125, yenye zaidi ya mita sita za kupangia. Upande wenye mbao sita unakupa nafasi za karibu sm 32, zinazomeza A4 zikiwa wima. Upande wenye mbao tano una nafasi za sm 40 kwa mafaili, kamusi kubwa na vikapu vya watoto. Mpe fundi mchoro huu kabla hajagusa msumeno.

Plaiwudi hufa kwa gundi yake. Omba kipande kilichokatwa, kilaze kwenye sufuria ya maji usiku mzima. Asubuhi tabaka zikiwa zimeachana, usinunue shiti hiyo hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kingo zote zipigwe msasa na kupakwa vanishi mara mbili, kwani unyevu huingilia hapo.

Ya tatu: chuma cha kufunga kwa bolti

Kwa chumba cha watoto wa shule, hii haina mpinzani: hailiwi na mchwa, haijali uzito wa vitabu vya kiada, na siku ya kuhama inafunguliwa ikapandishwa kwenye tuktuk. Chagua iliyopakwa rangi ya unga iliyookwa tanurini. Ukikwaruza kwa ukucha na rangi ikatoka, kutu itaanzia hapo, na kutu ya Mombasa haisubiri. Kagua matundu ya bolti na ncha zilizokatwa kwa sababu huko ndiko rangi huwa haikufika. Pitisha rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga. Hakikisha kuna vile vyuma vya pembetatu vya kushikia kona, maana bila hivyo inayumba hata ukikaza bolti zote. Juu ya kila daraja laza ubao mwembamba wa plaiwudi, la sivyo vitabu vidogo vinateleza na kingo za chuma zinachana majalada. Vifuniko vya plastiki vya miguu hushika maji ya deki ndani. Vivue mara kwa mara uvikaushe.

Ya nne: kabati la vioo

Sebule nyingi za Mombasa zinalo tayari, la sahani na vikombe, na wazo la kulijaza vitabu huja lenyewe. Vumbi linazuia, ni kweli. Lakini hewa iliyofungwa pamoja na karatasi yenye unyevu ndiyo inayozaa ukungu. Liwe la vitabu vichache vyenye thamani na si maktaba nzima. Litobolewe nyuma matundu ya sm 2, mawili juu na mawili chini kwa kila kishubaka, yakazibwe kwa kipande cha wavu wa mbu. Milango ifunguliwe mchana wa kaskazi wakati hewa ni kavu kidogo. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya havitoshi kwa kabati. Hujaa upesi na baada ya hapo ni takataka tu.

Wenye nyumba za kale za Mji wa Kale wana zidaka (vishimo vya kuwekea vitu) ukutani, na ni sehemu nzuri ya vitabu vinavyosomwa kila siku. Laza ubao chini na uache vidole viwili nyuma, kwa kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua unyevu.

Ya mwisho: chipubodi

Inauzwa sana madukani, na ndiyo tunayokushauri uiache. Ni chengachenga za mbao na gundi zilizofunikwa karatasi ya plastiki. Maji yakiingia kwenye ukingo mmoja inafura na hairudi. Mbao zake nyingi ni za mm 15 kwa upana wa sm 80, kipimo kisichofaa vitabu kabisa, na vile vikomeo vya kuzungusha hulegea ukiifungua mara moja tu ili kuhama. Kama tayari unayo, usiitupe: weka kipande cha kubeba katikati ya kila ubao, geuza mbao juu chini kila miezi sita, ziba kingo na matundu kwa silikoni, na uinyanyue juu ya vipande vya plastiki.

Kupanga na kufunga

Mas'hafu na vitabu vya dini vikae daraja la juu kabisa, peke yao. Daraja mbili za chini ni za wadogo. Kwa wasiojua kusoma bado, vitabu vichache vielekezwe sura mbele, kwani mtoto huchagua kwa picha na haoni maana ya mgongo. Kila mwanafunzi apewe kishubaka chake cha vitabu vya shule, hata kama ni nusu ya ubao, na asubuhi mkoba unajazwa bila kelele. Vitabu vya kuazima vitengewe ncha ya ubao iliyo karibu na mlango, visichanganyike na vya nyumbani. Usijaze ubao ukabana: kidole kiweze kupenya, ili hewa ipite na migongo isichanike wakati wa kuvuta.

Rafu yoyote inayopita kifua cha mtu mzima ifungwe ukutani, kwa sababu watoto hupanda. Tumia vyuma viwili vya L, skrubu za sm 6 na plagi za mm 8. Kwenye ukuta wa matumbawe au lipu ya chokaa, zima nyundo ya drili na utoboe polepole hadi sm 7, kisha puliza vumbi lote kabla ya kusukuma plagi. Tundu likilegea, hamia pembeni sm 5 badala ya kulijaza vijiti. Acha sm 3 hadi 5 kati ya rafu na ukuta kwa kuweka vipande vya mbao hapo katikati, lakini si nyuma ya vyuma hivyo: vyuma viguse ukuta ili skrubu ziingie zote kwenye plagi. Epuka ukuta unaopigwa na mvua za kusi, na ule ulio mgongoni mwa bafu.