Kutuma vikapu Ulaya kutoka Arusha: kilo 10 za hewa

Huduma ninayoizungumzia ni ya kampuni ya kimataifa ya vifurushi yenye ofisi hapa Arusha mjini. Kwa kasi sina neno nao: mzigo nikiutoa Jumatatu, mteja wa Ujerumani anaushika kabla wiki haijaisha. Tunapovutana ni kwenye bei, na hasa namna wanavyoitaja.

Nauza vikapu vya Iringa, shuka za Kimasai, vinyago na picha za Tingatinga. Wateja wangu wengi ni watalii waliotoka Serengeti na mabegi yamejaa. Wakishafika kwao ndipo wanaandika WhatsApp wakikitaka kile kikapu kikubwa. Nikapiga simu kuulizia. Yule wa kwenye simu aliuliza mawili tu, nchi gani na kilo ngapi. Akanipa bei, nikampa mteja, akalipa. Kaunta ikawa habari nyingine. Karani hakuanza na mzani, alivuta futi kamba. Urefu sentimita 40, upana 40, kimo 35. Akazidisha, akagawa kwa 5,000, namba yao ya kugeuza ujazo kuwa kilo, akapata kilo 11.2, kisha akapandisha hadi nusu kilo inayofuata: 11 na nusu.

"Dada, mbona mzani unasoma kilo moja na nusu?"

"Ni kweli kaka, ila tunachukua kile kilicho kikubwa. Hapa ujazo umeushinda uzito."

Yaani kilo 10 nzima ni hewa ya ndani ya kikapu, na nimeilipia hadi Ulaya. Karani simlaumu, alinionyesha hesabu mstari kwa mstari. Namlaumu aliyemwambia mtu wa simu kwamba kuuliza kilo kunatosha. Kanuni yenyewe ina mantiki, kwa sababu tumbo la ndege mara nyingi hujaa kabla halijafikia uzito wake, hivyo mzigo mwepesi unaokula nafasi lazima ulipie nafasi. Wanaoagiza bidhaa Guangzhou kwa meli hawashangai, wamezoea kutozwa kwa CBM, yaani mita za ujazo.

Hesabu ninayotembea nayo kichwani ni ya ndoo. Nafasi ya lita 20, ile ndoo tunayochotea maji, kwao ni kilo 4. Ukitia humo kitu cha chini ya kilo 4 unalipia ndoo, ukizidisha unalipia mzani. Ndiyo maana kinyago cha mpingo hakijawahi kuniletea shida. Mti ule ukiutupa majini unazama, kwa hiyo mzani hushinda futi kamba kila mara, na bei ya simu inabaki ile ile hadi kaunta.

Basi kazi yangu kubwa sasa iko kwenye maboksi. Katoni za bure kutoka maduka ya Kilombero, hapa hapa Arusha, ni nzuri, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya kikapu changu. Kikapu chenye kimo cha sentimita 27 ukikiweka kwenye katoni ya 35, umelipia kusafirisha sentimita tupu. Nachanja pembe nne kwa kisu, nakunja mbavu ndani, nafunga kwa gundi ya karatasi mpaka kimo kifike 28. Boksi lile lile linashuka kutoka kilo 11 na nusu hadi 9. Angalia pia lisivimbe tumbo, maana futi kamba inapita pale palipotokeza zaidi, siyo pembeni.

Bora kuliko kukata ni kujaza. Navipachika vikapu, kidogo ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa, halafu uwazi uliobaki nausindilia shuka na kanga. Mzani ukipanda hadi karibu kilo 9, bei haisogei hata shilingi. Mteja mmoja akinunua vitu vya namna hiyo kwa pamoja, nauli kwa kila kitu inashuka vizuri. Vikapu vya ukindu ni neema zaidi, vinakunjwa vikalala bapa.

Picha ndiyo inayoonyesha tofauti kubwa kuliko zote. Yenye fremu, kwenye boksi la 90 kwa 70 kwa 8, inatozwa kama kilo 10 na nusu. Itoe kwenye fremu, iviringe kwenye bomba la karatasi gumu lenye urefu wa 70 na kipenyo cha 8: kilo 1. Fremu mteja atanunua kwao. Tena bomba hilo linaingia Posta, pale Mnara wa Saa, kama kifurushi kidogo. Kanuni za posta za kimataifa zinaruhusu hadi kilo 2, na kwa kitu kilichoviringwa, urefu pamoja na vipenyo viwili usizidi sentimita 104, na urefu wenyewe usizidi 90. Hapo unalipia uzito wa mzani. Posta ni ya taratibu, kwa hiyo mwenye haraka ya sikukuu usimpitishe huko.

Mzigo ukiwa mkubwa naulizia mawakala wa mizigo ya ndege wanaopitishia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Wao kwa kawaida hugawa kwa 6,000, hivyo sentimita zile zile zinazaa kilo chache. Ila kuna kiwango cha chini cha malipo na makaratasi ambayo kwa boksi moja hayalipi.

Ushuru wa kule ni suala jingine. Tangu Julai 2021, bidhaa inayouzwa kuingia Umoja wa Ulaya inatozwa VAT hata ikiwa ya bei ndogo, nami humwambia mteja mapema.

Kampuni ninaipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne wataipata siku mtu wao wa simu atakapouliza urefu, upana na kimo kabla ya kutaja bei.