Sensa ya sumaku au ya mwanga kwenye dainamomita ya kujitengenezea?

Dainamomita, yaani kifaa cha kupimia nguvu ya injini, ikiwa ya gurudumu zito haipimi nguvu hiyo moja kwa moja. Injini inalizungusha gurudumu, na nguvu inakokotolewa kutokana na jinsi kasi inavyopanda. Sensa inayosoma kasi hiyo ikidanganya, hesabu yote imeharibika.

Sensa ya mwanga husoma diski yenye matundu. Matundu 60 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa mapigo ya umeme 3,000 kwa sekunde, kwa hiyo unaona hata mshtuko mdogo wa injini. Tatizo ni gereji yenyewe: tone la oili au vumbi kwenye tundu moja, pigo linapotea na grafu inaruka. Jua likiipiga nalo huisumbua.

Sensa ya Hall, yaani ile inayohisi sumaku, kama A3144, haijali uchafu. Sumaku moja, kwa kasi ileile, hutoa mapigo 50 tu kwa sekunde, lakini ukipima muda kati ya pigo na pigo kwa maikrosekunde, yanatosha kabisa kwa gurudumu zito. Usisahau rezista ya kilo-omu 10 kati ya waya wa ishara na volti 5; bila hiyo hupati kitu.

Mimi nachagua Hall. Ila sumaku ifungwe kwa skrubu, gundi pekee haitoshi: ikichomoka kwa kasi hiyo inaumiza mtu.