Mkuki wa Németh: ununue wa mita ngapi?

Karibuni watazamaji. Leo tunao mkuki wa Németh, wa alumini, kutoka Hungaria. Jina ni la Miklós Németh, aliyechukua dhahabu ya kurusha mkuki, Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976 kwa mrusho wake wa kwanza tu: mita 94.58, rekodi ya dunia. Baba yake, Imre, alishinda kurusha nyundo London mwaka 1948.

Angalieni mkia huu, ni laini mwanzo hadi mwisho. Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1986 kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume, yaani pale unapolingana ukiulaza juu ya kidole, kilisogezwa mbele sentimita 4 ili ncha iiname mapema, maana Mjerumani Uwe Hohn alishafika mita 104.80 na viwanja vilikuwa vinaisha. Németh akajibu kwa mkia uliokwaruzwa, ncha ikachelewa kuinama. Mwingereza Steve Backley akaurusha mita 90.98 mwaka 1990. Mwaka uliofuata mikia hiyo ikapigwa marufuku, na rekodi zilizowekwa kwa mikuki hiyo zikafutwa. Kwa hiyo zile 92.72 za Julius Yego, Beijing 2015, ni za mkia laini. Heshima kubwa! Nawe usipige mkia wako msasa, mkaguzi ataukataa.

Sasa ile namba ya mita, ambapo vijana wengi hupoteza pesa. Si urefu wa mkuki: namba inaeleza umetengenezewa mrushaji wa kiwango gani, yaani anayerusha mita ngapi. Ukirusha mita 55, chukua wa 60 au 65. Wa 85 ni mgumu na unadai nguvu yote ipite katikati ya ncha. Mkono ukitoka pembeni kidogo, mkuki hutikisika hewani, huyumba na kuanguka karibu, na kiwiko ndicho kinachoumia. Ule wa mita chache ni mnene kidogo, unaelea hata kwa kasi ndogo. Ila mwenye mkono mzito akiupiga kwa nguvu, unapinda na kutetema, kasi inapotea.

Uzito nao: wanaume gramu 800, wanawake 600. Walio chini ya miaka 18, wavulana 700 na wasichana 500. Makocha, tafadhali, msimpe mtoto wa miaka 15 ule wa 800 kwa sababu tu ndio uliopo stoo. Bega lake bado linakua.

Upepo ukija usoni, tumia ncha nyembamba. Ukitoka mgongoni, ncha nene.

Udhaifu wake? Alumini hupinda. Ukitua kwa mkia kwenye ardhi kavu mara nyingi, umekwisha. Kuchomoa, shika karibu na kamba ya kushikia, uvute kwa mstari uleule ulioingilia. Ukivuta mkia kwa pembeni unaukunja. Usiuegemeze ukutani, ulaze juu ya vishikio vitatu. Kila wiki uviringishe juu ya meza iliyonyooka: ncha ikirukaruka, umeshapinda, utenge usitumike mashindanoni.