Play yangu ya zamani na emuleta: uzoefu wangu hapa Goma

Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoamriwa kuhama tulitoka Majengo kwa miguu kuelekea Sake. Play, mashine yetu ya michezo ya video, ilibaki nyumbani. Mdogo wangu alikuwa na memori kadi mfukoni, ile ya megabaiti 8, maana ndani yake kulikuwa na ligi yetu yote ya PES 6, mchezo wa mpira. Basi ninapolinganisha mashine na emuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga mashine hiyo, najua ni kitu gani nisingependa kipotee.

Ninayo PlayStation 2 nyembamba, toleo lililoanza kuuzwa 2004. Ugonjwa wake ni jicho, yaani lenzi ya leza inayosoma diski. Vumbi la mawe ya volkano linapenya hata ukiifunika kwa kitambaa, na leza ikishindwa kusoma diski unabaki unatazama skrini nyekundu. Fundi mmoja wa Birere amenibadilishia lenzi mara mbili. Mara ya pili aliniambia, “Kaka, hizi zilikoma kutengenezwa mwanzoni mwa 2013. Lenzi hii nimeitoa kwenye Play nyingine iliyokufa.” Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma kwenye PCSX2, emuleta ya PlayStation 2.

PCSX2 ni ya bure, ila inadai BIOS, programu ya ndani inayowasha mashine, na BIOS halali ni ile unayoitoa kwenye mashine yako mwenyewe. Fundi alinisaidia hilo, akanakili na memori kadi kwenye flashi. Diski nilizisoma mwenyewe kwa kisomaji cha DVD cha laptopu, moja moja, jioni kadhaa. Mbili zilizochubuka zilikataa kabisa, na moja ilikuwa ya mbio za magari niliyoipenda sana. Laiti ningeanza mapema.

Faida kubwa kwangu ni umeme. Ukikatika dakika ya 80, Play inazima na mechi imekwenda. Laptopu ina betri, na emuleta inahifadhi mchezo papo hapo, hata mpira ukiwa hewani. Picha pia ni safi zaidi, hadi nyasi zinaonekana.

Lakini mikono haidanganyiki. Kwenye televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo, nikibonyeza kupiga shuti mguu unakwenda saa hiyohiyo. Kwenye laptopu unachelewa kidogo, na kwenye penalti hicho kidogo ni goli. Nimeacha manete (kile kidude cha kubonyezea) ya bluetooth nikachukua ya waya; kuchelewa kumepungua, hakujaisha. Tena laptopu yangu ni dhaifu: mechi ya mvua sauti inakatikakatika na mashine inachemka.

Kwa hiyo sijaiuza Play, na siiuzi. Jumapili tukiwa wawili tunawasha hiyo. Siku nyingine, au umeme ukisumbua, ni PCSX2. Mwenye diski za zamani azinakili mwezi huu, kabla hajatafuta lenzi. Memori kadi yenyewe mdogo wangu amekataa iwekwe kabatini. “Yaya, hii nitaiweka mimi,” aliniambia, akairudisha mfukoni.