PlayStation 2 iliyotumika: lenzi kwanza, boksi baadaye

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Hata iliyo changa kabisa sokoni ina zaidi ya miaka kumi. Bado ndiyo mashine ya rika lake tunayoipendekeza kwanza: ziliuzwa zaidi ya milioni 150, vipuri vinapatikana, na inacheza hata gemu za PlayStation ya kwanza.

Kinachochoka kwanza ni lenzi. Boksi linaweza kung'aa kama jipya na mashine ikawa haisomi kitu, kwa hiyo usiridhike muuzaji akikuwekea gemu moja likawaka. PS2 husoma CD na DVD kwa miali tofauti ya leza. Mmoja ukifa, mwingine huendelea kama kawaida. Nenda na diski tatu: CD ya PS2, ile yenye mgongo wa bluu, DVD ya kawaida yenye mgongo wa fedha, na DVD ya tabaka mbili kama Gran Turismo 4. Hii ya tatu ndiyo hufichua lenzi iliyochoka. Weka sikio karibu. Lenzi nzima hutafuta kidogo, kisha diski inazunguka kwa sauti moja. Iliyochoka hugonga tik-tik-tik, diski inasimama, inaanza tena, halafu kioo cha TV kinageuka chekundu na kukuambia uweke diski ya PlayStation. Hata ikisoma, iache icheze nusu saa, maana nyingine hugoma zikishapata joto: video inakatakata, muziki unaruka.

Muulize pia muuzaji kama fundi amewahi kugusa lenzi. Wapo wanaogeuza kiskurubu kidogo kilicho kwenye kichwa cha leza ili kuiongezea nguvu. Itasoma, ndiyo, lakini leza inayosukumwa hivyo huungua mapema.

Ya kuchagua ipi? PS2 zipo za aina mbili, nene za mwanzo na nyembamba zilizofuata, na namba ya modeli huanza na SCPH. Nene, kuanzia SCPH-30000 hadi SCPH-50000, zina nafasi ya diski kuu nyuma, jambo ambalo nyembamba hazina. Feni yake hujaa vumbi, basi chungulia matundu ya nyuma na usikilize kama inakwaruza. Kati ya nyembamba, tungeiacha SCPH-70000, inayojulikana kwa kuunguza koili ya lenzi, tukachukua 77000 au 79000. SCPH-90000 ina pawa saplai ndani, hivyo hakuna adapta ya kupotea.

Kwenye nyembamba zote, fungua kifuniko utazame waya bapa unaoshika lenzi. Ukiwa umevimba kwenda juu, utagusa diski na kuichora duara safi ambalo halifutiki. Ukikuta gemu za muuzaji zina duara hilo, umeshapata jibu.

Soma stika ya nyuma. Namba ya mwisho huonyesha eneo: 0 ni Japani, 1 Marekani, 4 bara la Ulaya. Gemu la eneo jingine halitafunguka kwenye mashine ambayo fundi hajaibadilisha. Angalia na volti; nene ya Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma unaunguza pawa saplai.

Pedi ijaribu ndani ya gemu, si kwenye menyu pekee: achia analogi zote mbili uone kama mhusika anatembea mwenyewe. Memori kadi halisi ni MB 8. Zile za bandia zilizoandikwa MB 64 au 128 hupoteza sevu bila onyo, kwa hiyo nakili faili, zima, washa, uitazame tena.

Upande wa TV, waya wa komponenti unatoa picha safi kuliko ule wa njano. Kumbuka kubadili mpangilio wa mashine kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr, la sivyo rangi zitaharibika. Vijiadapta vidogo vya HDMI navyo vinataka mpangilio huohuo, na vingi havikuzi picha. Vinapitisha 480i ileile, yaani picha ya kiwango cha TV za zamani, ambayo monita nyingi za kompyuta hukataa. Bunduki za gemu za kulenga zisahau kabisa kwenye TV bapa, zinahitaji ile ya chogo.

Diski zenyewe zielekeze kwenye taa. Kwa CD, mkwaruzo wa upande wa picha ni mbaya kuliko wa chini, kwa sababu data imekaa chini tu ya ile rangi. Ukiona tundu linalopitisha mwanga, rudisha.