Mashine ya chapati ya umeme: miezi minane jikoni kwangu

Tangu baba apewe dawa za kisukari, usiku hali tena wali wala chapati zetu za mafuta. Anakula chapati za Kihindi za unga wa atta, nyembamba, zile Wagujarati wanaziita rotli. Na mimi nikitoka kazini saa kumi na mbili, kusimama kwenye kibao nikisukuma chapati kumi na mbili kila siku kulinichosha mno mgongo. Ndiyo maana nikanunua mashine.

Ina sahani mbili za chuma zisizogandisha na mkono wa kukandamizia. Ni ya wati 1000. Unaweka donge, unabonyeza, linatandazika na kuanza kuiva hapo hapo.

Wiki ya kwanza nililia. Chapati zilitoka ngumu kama papadi, kingo zimepasuka, nyingine zimechanika katikati. Nilikwishairudisha kwenye boksi lake. Aliyeniokoa ni mama jirani, Mgujarati, ambaye amepika rotli maisha yake yote. Alibonyeza donge langu kwa kidole akasema, "Mwanangu, unga huu ni wa kusukuma kwa mti. Mashine inataka laini zaidi, kama ndewe ya sikio."

Kumbe tatizo lote lilikuwa maji. Atta ni ngano nzima iliyosagwa kwa mawe, na unga wa namna hiyo hunywa maji kuliko unga mweupe. Sasa kwa vikombe 2 vya atta naweka kikombe 1 cha maji ya vuguvugu, kisha naongeza vijiko viwili au vitatu mpaka unga uanze kunata kidogo mkononi. Chumvi, kijiko cha mafuta, nafunika nusu saa. Usiruke nusu saa hiyo. Nikiwa na haraka nikairuka, donge hujivuta likarudi dogo.

Kubonyeza nako kuna namna yake. Donge la ukubwa wa ndimu naliweka nyuma kidogo ya katikati, karibu na bawaba, nabonyeza mara moja na kufungua papo hapo. Ukishikilia, mvuke hukosa pa kutokea na chapati huchanika. Ikibadilika rangi naigeuza, nasubiri vipovu, naigeuza tena, halafu nashusha kifuniko bila kukikandamiza. Hapo inavimba kama puto, na kila ikivimba nafurahi upya. Naipaka samli kiduchu, naitia kwenye hotipoti yenye kitambaa.

Kumi na mbili zinanichukua kama dakika 25 pamoja na kuipasha moto, yaani chini ya nusu uniti ya LUKU. Huku presha kuka inaivisha dali ya mbaazi zilizokobolewa, ile wanayoita tuvar. Mbaazi hizo hizo Tanzania inaziuza India kwa wingi, kwa hiyo sioni sababu ya kununua pakiti ya bei kali iliyotoka ng'ambo. Natia manjano na nyanya, mwisho nakaangia bizari nyembamba na kitunguu saumu kwenye samli na kumwagia juu. Mchicha pembeni, chakula kimekamilika.

Lakini kama unataka chapati zetu za kukunja na kusokota, usiinunue. Nilijaribu mara mbili; mashine inazigandamiza tabaka zote zikawa kitu kimoja. Paratha za viazi nazo zinapasuka na kumwaga viazi, hizo napika kwenye tawa. Na madoa yale meusi yenye harufu ya moto huyapati. Nikiyataka naipitisha chapati kwenye moto wa gesi sekunde chache. Sahani hazitoki, unasafisha kwa kitambaa chenye unyevu zikishapoa.

Ukiwa dukani, ifunge uitazame kwa pembeni, macho yako yawe usawa wa sahani. Zikiacha upenyo upande mmoja, mwambie muuzaji akuletee nyingine, maana chapati zako zitakuwa nene upande huo kila siku.